Mama Asiyeogopa Theluji

Muhtasari wa mahubiri ya Jumapili, ibada ya pili. Maandiko: Methali 31:10–31, Kumbukumbu la Torati 6:4–9, 1 Samweli 2:12–36. Na Mchungaji Msaidizi.



Mliokuwa katika ibada ya pili mtakumbuka kwamba nilianza na swali, mkacheka. Niliuliza ni nani humu ndani amewahi kushika theluji kwa mkono wake. Si barafu ya kwenye friza ya muuza soda pale Kondele. Theluji yenyewe, ile inayoanguka kutoka juu. Ikainuka mikono mitatu, na mmoja ulikuwa wangu. Sisi ni watu wa Kisumu. Hapa mvua ikinyesha asubuhi moja tu, ndugu zetu wa mlangoni wanakuja na jaketi na kofia ya sufu, watoto wanafungwa sweta mbili, na joto lenyewe bado ni nyuzi 18. Tunaita hiyo baridi. Haya.

Kwa hiyo Methali 31:21 ni mstari ambao wengi wetu tunauruka. Tunampenda yule mama wa Methali anaponunua shamba, anapoamka kabla ya alfajiri, anapouza kazi ya mikono yake. Akina mama wa Kibuye mnajiona pale, na ni haki yenu. Lakini katikati ya hesabu hizo zote za biashara, mwandishi anaingiza jambo ambalo halionekani kuwa la biashara: kwamba theluji haimtishi mama huyu, kwa sababu watu wa nyumba yake wana mavazi ya kutosha. Biblia yetu ya Kiswahili inasema ni mavazi mekundu. Wengine, tangu tafsiri ya Kigiriki ya zamani, wamelisoma neno hilohilo la Kiebrania kuwa ni mavazi maradufu, nguo juu ya nguo. Mimi sina ugomvi na yeyote kati yao.

Kule Israeli theluji si ya kila mwaka, lakini walikuwa wanaijua. Kuna shujaa wa Daudi, Benaya, aliyeingia shimoni akamuua simba, na mwandishi wa 2 Samweli 23:20 hakusahau kutuambia kwamba siku hiyo ilikuwa ya theluji. Sasa hebu niangalieni hapa. Mtu anayekaa ndani kando ya moto hana haja ya nguo maradufu. Blanketi moja inamtosha. Mama huyu aliwavika watu wake hivyo kwa sababu walikuwa wanatoka nje. Hakuwafungia nyumbani mpaka hali ya hewa ibadilike. Alijua baridi itakuja, akaifanyia bajeti mapema, na siku ilipofika wakatoka.

Mwambie jirani yako: walikuwa wanatoka nje.

Sasa niwaambie kwa nini mstari huu umenikaba koo. Ninasimulia kwa ruhusa ya wenyewe, na majina nimeyaacha.

Dada yangu mkubwa alikwenda Marekani mwaka 2009, jimbo la Minnesota, kule juu linakopakana na Kanada. Wakenya ni wengi huko, hasa ndugu zetu wa Kisii, na Wajaluo hatukosi. Katika miji kama Brooklyn Park na Brooklyn Center, kaskazini ya Minneapolis, unaweza kuingia dukani kutafuta unga wa ugali ukasikia Ekegusii upande mmoja na Dholuo upande mwingine. Kazi aliyoipata ni kuwatunza wazee katika nyumba ya wazee. Kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza kitandani usiku. Ni kazi ya heshima na ni kazi ya mgongo. Na kama mnavyojua kazi hizo, shifti za usiku na za wikendi hulipa zaidi kidogo. Kwa hiyo dada yangu akachukua wikendi. Ijumaa usiku, Jumamosi usiku, mara nyingine Jumapili pia. Shemeji yangu naye alikuwa na shifti zake. Wakapishana mlangoni kwa miaka.

Mwaka 2010 mimi nikapata nafasi chuo kikuu, kusomea biashara. Baba alikuwa ameshalala. Mama alikuwa na shamba na ng'ombe watatu. Unajua nani alilipa karo. Nilikuwa natuma ujumbe wa maneno mawili: "Dada, karo." Baada ya siku chache nakwenda Oginga Odinga Street na namba ya siri nimeiandika kwenye kiganja, napanga foleni dirishani, natoka na pesa. Miaka minne. Hata siku moja sikuuliza pesa hiyo imetoka siku gani ya wiki.

Nilimaliza, nikafanya kazi, Bwana akaniita, nikaja kwenu. Mwaka 2021, tulipokuwa tunatafuta mabati ya paa hili lililo juu ya vichwa vyetu, nilimpigia dada. Nilikuwa na hakika kabisa. Nilikuwa hata nimeshaiandika ahadi yake kwenye karatasi kabla hajaitoa, jambo ambalo mhasibu yeyote atakuambia ni kosa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Owadwa, hapana. Shifti za Jumamosi nimeziacha. Nilicho nacho kwa kanisa ni hiki," akataja kiasi, na kilikuwa kidogo.

Ndugu zangu, nilikasirika. Ninawaambia ukweli kwa sababu baadhi yenu mlikuwepo. Kuna kesha moja ya mwaka huo ambapo nilisimama hapa nikaomba kwa ajili ya wale waliobarikiwa ng'ambo wakasahau nyumbani. Mkasema amina kwa sauti. Nilikuwa namsema dada yangu.

Februari 2023 nikapata nafasi ya kwenda. Kanisa moja la Wakenya huko lilinialika, na tiketi akalipa nani? Yule yule aliyesahau nyumbani.

Sitawaelezea baridi ile kwa urefu, maana mtu akishatoka huko mara moja huwa hasemi kingine tena mpaka watu wamkimbie. Niseme hivi tu: nilipotoka mlango wa uwanja wa ndege, nywele za ndani ya pua ziliganda. Nilifikiri ni ugonjwa. Na huo ulikuwa ni mwezi wa kawaida tu. Dada aliniambia kuhusu Januari 2019, wakati kipimo cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sufuri, shule zikafungwa, hata posta ya Marekani ikasimamisha kugawa barua siku hiyo. Yeye alikwenda kazini, kwa sababu wazee hawawezi kuachwa. Watoto wakabaki ndani ya nyumba ya ghorofa ya tatu, baba yao amelala kwa sababu alitoka shifti asubuhi, televisheni inaongea peke yake.

Alisema hivyo ndivyo walivyoishi miaka mingi, kuanzia Novemba mpaka karibu Aprili. Kule wakati wa Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni. Sisi tulio jirani na ikweta hatuwezi kuelewa. Hapa karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi linachomoza, karibu saa kumi na mbili na nusu jioni linatua, mwaka mzima, kama mfanyakazi wa serikali wa zamani. Huko mtoto anaingia shuleni kukiwa na ukungu wa asubuhi, anatoka, anafika nyumbani, giza. Basi wazazi waliotoka kwetu wanasema: hali ya hewa hii si ya watoto kutoka. Tungoje kiangazi. Na kiangazi kikija kuna ovataimu.

"Nilikuwa nasingizia theluji," dada akaniambia. "Theluji haikuninyima watoto wangu. Nilikuwa nimewauza wikendi zote mapema."

Sasa sikilizeni kilichobadilika. Vuli ya mwaka 2021 kuna mama mmoja katika kanisa lao, Mkenya aliyezeeka kule, alimwuliza dada swali la kawaida tu: mwanao wa kwanza anapenda kula nini siku hizi? Na dada akagundua kwamba hajui. Mtoto wa miaka kumi na moja anayeishi naye nyumba moja. Alijua uzito wa kila mzee katika wodi yake, nani anakunywa chai bila sukari, nani analia usiku na jina la mke aliyekufa. Ya mtoto wake hakujua.

Akaenda kwa msimamizi, akaomba kuondolewa Jumamosi. Walikaa na shemeji wakapiga hesabu, wakaona watakosa nini. Si kidogo. Gari la pili likauzwa. Na ile pesa ya Kisumu, ile ambayo sisi tuliizoea, ikapungua. Ndipo simu yangu ya mabati ikapigwa, wiki chache baadaye. Mnaona nilipiga simu saa gani?

Basi wakaanza kutoka, baridi hiyohiyo. Nimeona kwa macho yangu jinsi wanavyojiandaa. Kwanza nguo nyepesi ya kubana mwili. Juu yake soksi mbili, suruali, juu ya suruali ile suruali nyingine nene ya theluji, sweta, koti, kofia, kitambaa cha shingo, glavu, buti. Watoto watatu. Dakika ishirini na tano kwa saa. Na mtoto wa mwisho akishafungwa kamba ya mwisho ya buti anasema nini? Mama, choo. Nilitazama dada yangu akianza kumvua upya bila kugomba nikasema moyoni, huyu hapa, mavazi maradufu, Methali 31:21. Nimehubiri sura hiyo kila Siku ya Akina Mama, na sikuwahi kuiona mpaka siku hiyo.

Wanakwenda wapi? Hakuna mahali pa gharama. Kuna kilima karibu na nyumba yao, watoto wanakalia sahani kubwa ya plastiki na kuteleza mpaka chini wakipiga kelele, kisha wanapanda tena. Ndiyo, nilikalia. Ndiyo, nilianguka. Kuna maktaba ya mtaa, yenye joto, na hakuna anayekuuliza shilingi. Kuna bustani ya wanyama ya Como katika mji wa St. Paul, ambako kiingilio ni bure, unatoa sadaka ukitaka, na ndani yake mna jumba kubwa la kioo lenye mitende na mimea ya nchi za joto. Nje kila kitu cheupe, ndani unavua koti na kunusa udongo wenye unyevu. Nilisimama chini ya mtende nikakumbuka nyumbani hadi nikaona aibu. Wazungu wazee walikuwa wameketi kwenye mabenchi wamefumba macho, wanaota joto tu.

Na kuna ziwa. Ziwa lilikuwa limeganda. Mpwa wangu, wakati huo ana miaka kumi na miwili, akanishika mkono akaniambia, "Anko, usiogope, ikiwa na inchi nne ya barafu nzuri mtu anaweza kutembea." Nikatembea juu ya maji. Petro alitembea juu ya maji laini kwa imani. Mimi nilitembea juu ya maji magumu na bado nilikuwa natetemeka. Huko mbele kulikuwa na wavuvi, wametoboa tundu, wameketi juu ya ndoo, wanatumbukiza kamba. Baba mmoja alikuwa na watoto wawili kando yake, na flaski. Hawakuwa wamepata samaki hata mmoja, na hakuna aliyeonekana kujali. Ndugu zetu wa Dunga wangewacheka. Lakini nilisimama pale nikifikiri: huyu mtu ametoka kwenye nyuzi kumi na nne chini ya sufuri ili akae na watoto wake mahali pasipo televisheni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kumbukumbu la Torati 6:7. Musa anawaambia wazazi wa Israeli wawafundishe watoto neno la Bwana, na anataja nyakati: ukiwa umekaa nyumbani, ukiwa unatembea njiani, ukilala, ukiamka. Wengi wetu tumejitahidi na kukaa nyumbani. Tuna ibada ya jioni, wakati mwingine. Njiani tumepasahau. Na njiani ndipo mtoto anaposema. Ukimkalisha mtoto mbele yako kwenye kochi ukamwambia, "Haya, niambie shida yako," atakuambia hana shida. Tembea naye. Mwache aangalie mbele na wewe uangalie mbele.

Majira yale ya baridi ya kwanza, walikuwa wametoka Jumamosi kama kumi. Wanarudi kutoka kilimani, giza limeingia, dada anaendesha, wadogo wamelala. Yule mkubwa akiwa kiti cha nyuma akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Mama, mimi hula chakula cha mchana chooni."

Dada hakugeuka. Aliniambia alishika usukani kwa nguvu akamwomba Mungu asipige kelele. Akauliza, "Tangu lini?" Akasema, tangu shule ifunguliwe. Septemba. Walikuwa wanamcheka jina lake na chakula chake, na yeye akaona choo ni salama. Miezi mitano mtoto anakula juu ya choo, na jioni anarudi nyumbani anaulizwa shule ilikuwaje anasema ilikuwa sawa.

Ilimchukua Jumamosi kumi kusema. Si ya kwanza. Si ya pili. Kama wangetoka mara moja tu kwa mwaka, wakapiga picha wakarudi, lile neno lingebaki tumboni. Dada alikwenda shuleni Jumatatu, akarudi tena, akarudi tena, mpaka mpangilio ukabadilishwa na mtoto akapata meza na wenzake wawili. Leo ni kijana mzuri, anapiga ngoma kanisani, na yeye mwenyewe aliniambia nikisimulie kisa hiki nisimlie machozi. Nimejitahidi.

Lakini mimi nina deni kubwa zaidi na simulizi hilo. Siku ile ya ziwani, tukiwa tunarudi garini, yule kijana aliniuliza, bila ubaya wowote, kama mtoto anavyouliza: "Anko, Mama alisema wakati ule alipokuwa anafanya kazi Jumamosi, ni wewe ulikuwa shuleni. Ulimaliza?"

Nikasema, "Ndiyo. Nilimaliza."

Akasema, "Sawa."

Wapendwa, nina cheti cha biashara ukutani. Kimefungwa fremu. Katika masomo yale walitufundisha kwamba gharama ya kitu si bei uliyolipa tu. Ni pamoja na kile ulichoacha ili ukipate. Ukinunua ng'ombe kwa pesa ya kujenga choo, gharama ya ng'ombe ni choo. Nilipata alama nzuri katika mtihani huo. Ila sikujua kwamba cheti chenyewe kililipiwa na Jumamosi za mtoto mmoja wa ghorofa ya tatu. Na mabati? Nilitaka tena. Nilitaka paa la nyumba ya Mungu liezekwe kwa Jumamosi zake zilizobaki, na nikaomba hivyo kwa jina la Yesu.

Sisemi tusiombe msaada kwa ndugu zetu walio ng'ambo. Wengi wenu mmesomeshwa hivyo, wengine mnatibiwa hivyo, na ni Mungu amewatumia. Mimi nisingekuwa hapa. Ninasema, kabla hujatuma lile neno letu la "tuma kitu", muulize kwanza: unafanya kazi siku ngapi? Watoto wanakuona lini? Na akikwambia hapana, usimpeleke kwenye kesha.

Hapo ndipo nilipokuwa nataka kumaliza siku ya Jumapili, lakini Roho hakuniruhusu, kwa sababu ilikuwa rahisi mno. Ni rahisi kuwahurumia watu wa Minnesota. Sisi hapa theluji hatuna. Tuna nini basi?

Tuna Jumamosi za Kisumu. Niwataje? Jumamosi ni matanga. Tunatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Seme, Nyakach, Alego, Ugenya, na tunarudi usiku. Jumamosi isiyo na matanga ina harambee. Isiyo na harambee ina chama. Isiyo na chama ina duka. Na ikibaki Jumamosi moja imesahauliwa na wote hao, kanisa linaichukua: kamati ya ujenzi, mazoezi ya kwaya, semina ya viongozi, usafi. Jumapili ni ibada ya kwanza, ya pili, kisha mkutano mfupi, na ninyi mnajua mikutano yetu mifupi. Wengine wetu tumeona afadhali mtoto aende bweni angali darasa la nne, kule Kericho au Nandi kwenye baridi ya kweli, halafu tunasema shule itamlea.

Someni habari za Eli. Mara nyingi tunahubiri kwamba wanawe walikuwa waovu, na walikuwa. Lakini tazameni baba alikuwa wapi. Hakuwa mlevi. Hakuwa baa. Alikuwa kazini, katika nyumba ya Bwana, ameketi kwenye kiti chake mlangoni. Mabaya ya wanawe aliyasikia kwa watu. Kila ninapofika hapo katika 1 Samweli 2, nawaza: kwa nini wewe baba uambiwe na watu?

Binti yangu ana miaka minane. Mwezi wa tano alinikumbusha kwamba nilimwahidi kumpeleka kuona pundamilia na swala pale Impala Sanctuary. Ni karibu kiasi kwamba tuktuk haimalizi wimbo mmoja wa redio. Nikamwambia Jumamosi. Jumamosi kukawa na mazishi Nyakach. Jumamosi ya pili, kamati. Ya tatu, mazishi tena, na ya mtu ambaye, Mungu anisamehe, sikumjua vizuri. Ya nne hakuuliza. Nilimkuta sebuleni amevaa nguo za kawaida, nikasema, "Mamangu, leo twaweza kwenda mchana." Akajibu, "Si lazima, Baba. Nenda tu kwenye mkutano wako." Kwa upole kabisa. Heri angelia.

Nimefanya hesabu, ndiyo kazi niliyosomea. Mtoto akiwa nyumbani mpaka miaka kumi na nane, mzazi ana Jumamosi 936. Mimi za huyu zimeshakwenda zaidi ya 400, na siwezi kusema nimetumia hata 30. Biashara inatufundisha pia kwamba pesa iliyokwisha kuzama usiifuate. Amua kwa kutazama iliyobaki. Kwa hiyo sitakaa hapa kujilaumu mpaka za mwaka huu nazo ziishe.

Nimeketi na Mchungaji Mkuu na wazee, Jumanne usiku, na tumekubaliana. Kuanzia mwezi ujao, Jumamosi ya pili ya kila mwezi hakuna kamati, hakuna mazoezi ya kwaya, hakuna semina, hakuna usafi wa kanisa. Mlango utafungwa na ufunguo anao mlinzi, na ameagizwa asimfungulie mtu, hata mimi. Harambee ya kanisa haitawekwa siku hiyo. Siku hiyo mzazi atoke na watoto wake. Anayelea mtoto wa marehemu ndugu yake atoke naye, shangazi, nyanya, wote. Aliye peke yake amwombe mzazi aliyelemewa amwazime mmoja.

Mzee mmoja aliniuliza baada ya ibada, "Mchungaji, na matanga je? Utawaambia watu wasife Jumamosi ya pili?" Swali ni zuri na sina jibu zima. Tutakwenda kuwazika wapendwa wetu. Sisi si watu wa kumwacha mfiwa. Ila si lazima twende wote. Wachungaji na wazee tumepanga zamu, mmoja aende kwa niaba ya kanisa, wengine wabaki na watoto wao. Na wakati mwingine mchukue mtoto muende naye. Barabara ya kwenda Alego na kurudi ni ndefu. Zima simu, hutakosa la kusikia.

Na msiniambie pesa. Hippo Point hulipi chochote kutazama jua likizama ziwani, na watu wanasafiri kutoka mbali kulitazama. Dunga unafika kwa tuktuk au kwa miguu. Ngege mmoja wa kukaanga na ugali, familia inakula, kama hamgombanii kichwa. Kit Mikayi kule Seme, watoto watapanda mawe mpaka wachoke. Aliye na shamba aende akapalilie na mwanawe mistari miwili. Bebeni chai ya flaski na mandazi, kama dada yangu.

Mimi nilianza Jumamosi iliyopita, ili nisihubiri kitu ambacho sijakifanya. Tulikwenda Impala, kisha tukateremka kwa miguu mpaka Hippo Point. Kwenda, binti yangu hakusema neno. Nikajizuia nisimhoji. Kurudi alizungumza juu ya fisi tu, fisi huyu na fisi yule. Hakuna siri iliyotoka, wapendwa. Ni Jumamosi ya kwanza.

Jioni nilimtumia dada picha ya ziwa. Mpwa wangu akajibu kwa simu ya mama yake kwa sauti: anauliza kama Ziwa Victoria limewahi kuganda hata kidogo, na kama siku akija nitampeleka. Nimemwambia haligandi, itabidi tuazime mtumbwi.